Mwongozo kamili: Kuja Dar na familia na kuingia Kariakoo bila kupoteza mtoto, hela wala siku nzima

Kila ikifika mwezi wa kumi na mbili napokea simu za aina moja. Ndugu, majirani wa zamani kule Singida, watu niliosoma nao, wanakuja Dar na watoto, wanashuka kwenye basi na siku hiyohiyo wanaingia Kariakoo na mabegi mgongoni, ikifika saa nane mchana mtu ananipigia sauti imekauka, hela imeisha, mtoto anachechemea na nusu ya vitu walivyovifuata hawajanunua. Safari hii wamenipigia familia tatu ndani ya wiki mbili na kosa ni lilelile, ndo maana nimekaa chini nikaandika yote.

Kosa lenyewe ni hili: wanataka kuona na kununua kwa wakati mmoja. Kariakoo ukiingia hivyo inakumaliza, maana duka la kwanza linakuvutia, la pili lina bei nafuu kuliko la kwanza, na la tano ndo lina kitu ulichokuwa unakitaka ila hela ulishaiacha kule nyuma. Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya macho, siku ya pili ndo ya hela. Kama mna siku moja tu basi asubuhi macho, mchana hela, lakini msichanganye.

Vitu vya kuandaa kabla hamjatoka nyumbani

- Orodha ya vitu kwenye karatasi, siyo kwenye simu. Kwenye msongamano hutaki kutoa simu kila dakika tano.
- Vipimo vya watoto. Msimamishe mtoto kwenye karatasi, chora mguu wake, kata ile karatasi uandike jina. Kiuno na urefu wa suruali pima kwa kamba, funga fundo. Hii peke yake inaokoa nusu ya tabu, maana haitakulazimu kuburuta watoto wote kila duka la viatu.
- Begi dogo la kuvaa kifuani. La mgongoni unawabebea wengine.
- Mifuko miwili mikubwa ya kubebea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ile mbadala unauziwa, na ukinunua vitu kumi mifuko nayo inakuwa bajeti.
- Hela ndogondogo, mia mbili, mia tano, elfu moja. Choo cha kulipia, maji, nauli, vyote vinataka chenji.
- Makapeni moja na kanga moja ya kumbebea mdogo. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, hakipiti.
- Vitambulisho vya watu wazima. Tiketi ya treni utaulizwa, gesti utaulizwa.

Hatua ya 1: Chagueni siku

Njooni katikati ya wiki. Jumanne, Jumatano, Alhamisi ndo siku nzuri. Jumapili maduka mengi yanafungwa, Ijumaa mchana wengine wanafunga waende msikitini, na Jumamosi ni watu juu ya watu.

Epukeni wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, siku za mwisho za Ramadhani, na wiki ile ya Januari kabla shule hazijafunguliwa. Najua ndo muda ambao watu wana sababu ya kuja, ila kama sare na madaftari unaweza kununua mapema Desemba, nunua mapema Desemba. Wauzaji wakiwa na wateja ishirini mlangoni hawana sababu ya kukupunguzia.

Na msije kwenye masika kama mnaweza kukwepa, Machi hadi Mei, mvua ikishuka kubwa mitaa inajaa maji na hakuna mtoto atakayefurahia hiyo safari.

Hatua ya 2: Fikeni, laleni, pumzikeni

Siku ya kufika siyo siku ya Kariakoo. Nasisitiza hili kwa sababu ndo hapa wengi wanapoanguka.

Kwa basi mtashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Mtapokelewa na watu kumi kila mmoja anashika begi, "mama naenda Kariakoo, anko twende", msimpe mtu begi lolote hata akisema anawasaidia tu. Shikeni vitu vyenu, tokeni pembeni, hesabuni watoto na mabegi, ndo muamue usafiri. Mkitaka kufika mjini kwa nafuu, njia ni kuunga hadi kwenye mwendokasi, wale wanaotoka Kimara kwenda Gerezani wanapita Msimbazi kabisa. Ila na mabegi makubwa na watoto watatu, jioni, mi nashauri mlipie gari. Kama mnatumia programu ya simu kuita gari, linganisheni namba ya gari na ile iliyoandikwa kwenye simu kabla hamjapanda.

Kwa wanaotoka Dodoma au Morogoro, treni ya umeme imerahisisha sana, mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu nauli na stesheni yenyewe haiko mbali na Kariakoo, bajaji inatosha.

Gesti tafuteni Kariakoo kwenyewe pembeni pembeni, au Ilala, au Magomeni. Usidanganyike na chumba cha bei nafuu kilichoko mbali sana, maana unataka sehemu ambayo ukishanunua mzigo wa kwanza unaweza kuurudisha ukapumua, siyo kuubeba hadi jioni. Kabla ya kulipa ingia chumbani, fungua bomba, washa feni, angalia neti kama ina matundu, jaribu kitasa. Uliza mapema kama watoto wanalipiwa. Joto la Dar linawashtua sana watoto wa bara, feni isipofanya kazi hakuna atakayelala na kesho yake mtazunguka na watu waliochoka.

Usiku wa kwanza ukiisha watoto wamekula, wameoga na wamelala mapema, hatua hii imekaa sawa.

Hatua ya 3: Gaweni hela mara tatu

Fungu la kwanza ni nauli ya kurudi, gesti na chakula. Hilo halitoki chumbani au halitoki kwenye akaunti, na mtu mmoja tu ndo analijua liko wapi.

Fungu la pili ni la manunuzi, liacheni kwenye simu au benki, mnatoa kidogo kidogo au mnalipa moja kwa moja kwa lipa namba. Fungu la tatu ni hela ya mkononi ya siku hiyo.

Sababu ni rahisi, kibaka akichukua pochi anachukua siku moja, hachukui safari nzima. Na kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi: hela yote ikiwa mkononi unanunua hadi nauli, nimeshaona baba mzima anaomba kukopeshwa nauli ya kurudi Mpwapwa huku kabeba feni mbili.

Hatua ya 4: Watoto

Hapa naomba msisome haraka.

Mtoto wa dada yangu alipotea Mtaa wa Kongo akiwa na miaka sita. Tulikuwa watu wazima wanne, kila mmoja akidhani mwenzake kamshika. Dakika arobaini. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya duka la masufuria, mama mwenye duka kampa maji, na alikuwa pale muda wote kwa sababu bibi yake alishamfundisha kwamba ukipotea usitembee, simama. Mpaka leo nikipita pale moyo unashtuka, kwa hiyo haya yafuatayo siyo ushauri wa kubuni.

Moja, kama kuna ndugu anayeaminika Dar au mtu mzima wa ziada kwenye safari, watoto wa chini ya miaka mitano wabaki naye. Mnaweza kupishana, baba anabaki asubuhi, mama mchana.

Mbili, asubuhi kabla hamjatoka mpige kila mtoto picha na nguo alizovaa siku hiyo. Mtu akipaniki hakumbuki rangi ya shati.

Tatu, andika namba ya simu kwa makapeni kwenye mkono wa mtoto, sehemu ya ndani juu ya kiwiko ambako jasho na maji hayafiki sana. Namba mbili siyo moja. Jina lake msiandike, mtu mbaya akilisoma anamuita kwa jina na mtoto anadhani anafahamiana naye.

Nne, kila mtoto awe na mtu wake kwa jina. "Asha ni wa baba, Juma ni wa mama, Rehema ni wa shangazi." Isiwe "tuangaliane".

Tano, mfundisheni akipotea asimame hapohapo, akiona hamtokei aingie duka lililo karibu amwambie mama anayeuza, siyo mtu anayepita. Na nyinyi watu wazima mkubaliane sehemu ya kukutana. Mi natumia Kituo cha Polisi Msimbazi, kinajulikana na kila mtu, kituo cha mwendokasi kiko karibu, na mtoto akiokotwa na mtu mwema kuna uwezekano mkubwa akapelekwa polisi. Kwa dharura polisi ni 112, na namba ya kusaidia watoto ni 116, zote ziwe kwenye simu kabla.

Kipimo cha hatua hii: muulize mtoto ghafla mkiwa barabarani, "ukipotea unafanyaje?" Akijibu bila kufikiria, endeleeni.

Hatua ya 5: Siku ya macho

Tokeni saa mbili na nusu asubuhi mkiwa mmekunywa chai ya kushiba. Kila mtu mikono mitupu. Hela ni ya maji, choo na chakula tu, na mkubaliane kabisa kwamba leo hakuna kununua.

Kwanza jifunzeni barabara kubwa. Msimbazi, Uhuru na Lumumba ndo za kushika kichwani, mkipotea kwenye mitaa ya ndani ulizeni mojawapo mtatokea. Watoto wenye timu yao wapitisheni pale Msimbazi lilipo jengo la Simba wapige picha, na wale wa Yanga klabu yao iko Jangwani na Twiga, siyo mbali, basi wanachangamka na mnakuwa mmepata alama ya kukumbuka njia.

Halafu ingieni mitaa kwa kazi. Kongo ni nguo na viatu na watu wengi kuliko mahali pengine popote, pale mtembee mstari mmoja, mtu mzima mbele, mtu mzima nyuma, watoto kati. Aggrey ni simu na vifaa vyake. Vitenge na khanga pita Uhuru. Kwa vitu vingine uliza muuzaji wa duka, siyo mtu wa barabarani, "samahani kaka, mtaa wa vyombo ni upi?" atakuonyesha.

Kila duka mnaloingia ulizeni bei tatu: rejareja, jumla, na jumla inaanzia pisi ngapi. Andika kwenye karatasi jina la duka, mtaa na hizo bei. Maduka matatu kwa kila kitu yanatosha, ukienda kumi unachanganyikiwa. Mwenye duka akikupa kadi chukua, usiku utashukuru.

Wakisema "kuangalia bure mama, ingia ndani", ingia kweli, angalia, uliza, shukuru, toka. Watu wa bara tunaona aibu kuuliza bila kununua, pale hakuna anayekukasirikia kwa kuuliza.

Ikifika saa sita jua linakuwa kali, tokeni nje ya vurugu. Tembeeni hadi Mnazi Mmoja mkae chini ya miti, watoto wanyooshe miguu. Mchana mkiwa na nguvu pandeni mwendokasi wa Kivukoni mpande kivuko cha kwenda Kigamboni, nauli ya mtu mzima kwa mguu ni shilingi 200 na mtoto aliyekulia Iramba ambaye hajawahi kuona bahari atakikumbuka hicho kivuko kuliko kiatu utakachomnunulia.

Usiku kaeni na karatasi zenu mpange: kesho tunaanza duka gani, tunachukua nini, bei yetu ya juu kabisa ni ngapi. Mkiweza kupanga bila kubishana sana basi siku ya macho imefanya kazi yake.

Hatua ya 6: Siku ya hela, bei na mawinga

Wahi. Muuzaji hapendi mteja wa kwanza wa siku aondoke mikono mitupu, atakwambia mwenyewe "nifungulie biashara", na hapo bei inashuka bila vita.

Nguvu kubwa ya familia ni wingi wenu na wengi hawaitumii. Mazungumzo yaende hivi:

"Hivi viatu shingapi kaka?"

"Elfu ishirini na tano, ila wewe dada'ngu nipe ishirini na mbili."

"Jumla je?"

"Jumla kumi na saba, kuanzia pea sita."

"Nina watoto wanne na wa dada yangu wawili. Nikichanganya saizi unanipa ya jumla?"

Mara nyingi anakubali, maana kwake pea sita ni pea sita. Hata kama mna watoto watatu tu, ungeni na familia ya jirani kabla hamjasafiri, njoo na vipimo vyao vya karatasi.

Sasa mawinga. Winga ni kijana anayekufuata barabarani, "mama unatafuta nini nikupeleke", anakupeleka duka ambalo siyo lake na anaweka cha juu kwenye bei yako. Siyo wezi hao, ni kazi yao na wengi wanajua Kariakoo kuliko mtu yeyote. Ila kama ulishafanya siku ya macho huna kazi naye, mjibu kwa heshima "asante mdogo wangu, najua ninakoenda" na usisimame, ukisimama umeajiri. Akikufuata hadi dukani mwambie muuzaji mlangoni kabisa, "nimekuja mwenyewe."

Kuna wakati winga ni msaada, kwa mfano unatafuta kifaa cha mashine ya kusaga ambacho hujakiona siku nzima. Hapo mkubaliane hela yake pembeni, wazi, kabla, na bei ya duka uisikie kutoka kwa mwenye duka.

Anayekuuzia simu ya bei kubwa kwa hela ya ajabu barabarani, au anayeokota bahasha ya hela mbele yako na kutaka mgawane, huyo usimjibu hata salamu. Endelea kutembea.

Hatua ya 7: Kagua kabla hela haijatoka

Risiti nyingi zimeandikwa chini "mali ikishauzwa hairudishwi", kwa hiyo ukaguzi ni sasa.

Mwaka juzi nilinunua blenda. Niliijaribu ikafanya kazi vizuri, kijana akasema ngoja nikuletee mpya ya stoo, akaja na boksi limefungwa gundi, nikabeba. Nyumbani ikawa nyingine kabisa, jagi la plastiki jepesi na mota inanuka kuungua. Niliporudi wakaniambia siyo ya kwao. Tangu hapo kanuni yangu ni moja, kile nilichokijaribu ndo ninachobeba, na kama kinatoka stoo basi boksi linafunguliwa mbele yangu na kinachomekwa kwenye umeme upya.

Kwa simu, bonyeza *#06# namba ya IMEI itatokea, ilinganishe na ya kwenye boksi, halafu itume kwa meseji kwenda 15090 ujue kama simu ni halisi na ni ya kampuni ileile iliyoandikwa. Inachukua dakika moja. Muuzaji anayekukataza kufanya hivyo amekujibu tayari.

Khanga ikunjue doti nzima. Angalia pindo zote, angalia jina liko kwenye vipande vyote viwili na ni lilelile, kuna doti zinaunganishwa kutoka kwenye mabaki. Nguo za watoto vuta mshono kwa vidole viwili, zipu ipandishe na kuishusha mara tatu. Viatu weka ile karatasi ya mguu ndani, ikae bila kukunjamana na ibaki nafasi ya kidole kimoja. Sufuria zigeuze uangalie kama kitako kiko sawa, ile inayocheza mezani itacheza na jikoni.

Hatua ya 8: Kulipa na risiti

Ukilipa kwa lipa namba soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Liwe la duka au la mtu ambaye mwenye duka mwenyewe anathibitisha. Akikwambia "tuma kwenye namba hii ya kawaida, ile imegoma", lipa taslimu au ondoka.

Usitoke dukani mpaka waseme meseji imeingia, na meseji yako usiifute mpaka ufike nyumbani. Ukipigiwa baadaye na mtu kwamba muamala ulikosewa urudishe, usirudishe chochote, piga kampuni ya simu.

Risiti ya EFD dai, hata kama anasema "bila risiti nakupunguzia". Sheria inakutaka na wewe mnunuzi udai, na ndo ushahidi pekee wa waranti yako. Soma kiasi kilichoandikwa, umelipa laki mbili risiti iseme laki mbili. Kama kuna waranti waandike muda na mhuri hapohapo, maneno ya mdomo hayakai.

Kila ukimaliza maduka mawili au matatu mtu mmoja apeleke mzigo gesti. Usisubiri uwe na mifuko sita, maana mwenye mifuko sita hana mkono wa kumshika mtoto.

Hatua ya 9: Kufunga mzigo

Msifunge asubuhi ya safari. Jioni kabla, mwageni kila kitu kitandani, mhesabu na orodha na risiti, wavisheni watoto viatu wakae navyo dakika kumi. Kikibana bado kuna kesho asubuhi ya kukimbia dukani na kuomba wabadilishe saizi, wengi wanabadilisha saizi kama kiatu hakijakanyaga nje.

Vitu vizito chini, vya kuvunjika vizungushieni nguo na khanga, nafasi za ndani ya sufuria zijazeni soksi na chupi. Begi la shangazi kaja linafaa sana ila zipu zake dhaifu, lifungeni kamba msalaba na mwandike jina na namba ya simu pande mbili kwa makapeni ileile.

Mzigo ukiwa mkubwa waulizeni watu wa treni au basi kuhusu uzito kabla ya siku yenyewe. Kwenye basi hakikisheni mnapewa karatasi ya mzigo, na mtu mmoja asimame pale buti lilipo mpaka linafungwa. Simu, risiti na dawa za watoto zisiende kwenye buti. Begi la kifuani linabaki kifuani mpaka mlangoni kwenu.